Mwongozo kamili: namna ya kulifanya darasa la watoto 60 lizungumze badala ya kupiga kelele

Walimu wenzangu wa Tanga na kwingineko, swali lenu ni lilelile kila muhula: mbona watoto hawazungumzi kwenye makundi? Umewagawa watoto kwenye makundi, umewaambia wajadili, dakika tano hazijaisha wanaongea wawili tu, mmoja anaandika, waliobaki wako kwenye stori za timu ya Coastal Union. Ukiita presentesheni anasimama yuleyule wa kila siku anasoma karatasi kwa sauti ya kujisomea mwenyewe. Unakata tamaa, unarudi kwenye notsi ubaoni.

Kabla hujasema watoto hawa wana aibu, nenda kamsikilize huyohuyo aliyekaa kimya darasani siku ya Maulidi anavyosoma mbele ya mtaa mzima, au jioni anavyobishana bei ya kachori na wateja wa mama yake. Mdomo anao. Alichokosa darasani ni sababu ya kuongea na mtu wa kumsikiliza, na hivo vyote viwili vinatengenezwa na mwalimu kabla ya kuingia kipindi. Hapa chini nimeandika kila hatua na sababu yake, mana nimeona wengi wanachukua hatua ya makundi peke yake wanaacha zilizotangulia, alafu wanasema mbinu shirikishi hazifanyi kazi kwenye madarasa makubwa.

Vitu vya kuandaa kabla

Hakuna cha gharama hapa.

- Karatasi zilizotumika upande mmoja, zikatwe robo robo. Mitihani ya mwaka jana inatosha kabisa.
- Vifuniko vya soda, vitatu kwa kila mtoto. Kwa darasa la 60 ni vifuniko 180, waombe wenye maduka wakuwekee wiki mbili hivi. Visipotimia tumia mbegu za ubuyu zilizooshwa au kokoto.
- Kopo lenye vikaratasi vya majina yote kutoka kwenye rejesta.
- Saa. Ya mkononi, ya ukutani, yoyote, ila iwepo.
- Manila moja na maka peni.
- Swali la siku, limeandikwa kwenye andalio la somo neno kwa neno. Usije ukalitunga umesimama mbele ya watoto.

Hatua ya 1: Tengeneza swali linalobishika

Hapa ndo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiandika ubaoni "jadilini umuhimu wa bandari" umeua kipindi. Jibu liko kwenye kitabu, kila mtu anajua liko kwenye kitabu, sasa wajadili nini? Watampa kitabu mwenye mwandiko mzuri anakili pointi tano, wao wakae. Wala si uvivu, ndivyo swali lilivyowaelekeza.

Sasa jaribu hili: "Mkulima wa Muheza amevuna machungwa ya kujaza lori moja. Ayauze hapa Tanga mjini au ayapeleke Dar es Salaam? Chagueni moja, toeni sababu mbili, na semeni hasara moja ya uamuzi wenu." Topiki ni ileile ya usafirishaji na biashara, lakini hapa watoto wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana na wote wakawa na hoja. Mmoja atakwambia Dar bei nzuri, mwenzake atamuuliza nauli ya lori umeitoa wapi, na machungwa yakioza njiani je.

Kabla hujalipitisha swali lako jiulize mambo mawili. Je, watu wawili wanaweza kulijibu tofauti? Je, mwishoni wanatakiwa waamue kitu? Kama yote ni hapana, liandike upya.

Kuna aina ya pili ya swali ambayo mimi naipenda zaidi kwa watoto wanaoanza: kila mmoja ana nusu ya habari, na kazi haimaliziki mpaka waongee. Mfano wake nauleta kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Weka ishara ya kunyamaza na sheria ya kicheko

Fanya hii siku moja kabla ya mjadala wa kwanza, dakika kumi tu.

Ishara: mwalimu anasema "Kitendawili!", darasa zima linajibu "Tega!", baada ya hapo kimya. Inafanya kazi kuliko kupiga meza, sababu mtoto akishajibu "Tega" sentensi aliyokuwa anaiongea imeshakatika yenyewe, na aliyekuwa mbali kimawazo anashtuliwa na sauti za wenzake. Ifanyie mazoezi mara nne tano, waache waongee wanavyotaka alafu waite. Ukiona kuanzia "Tega" mpaka ukimya kamili ni chini ya sekunde tano hivi, wako tayari. Na siku mojamoja tega kweli, wasije wakaona unawadanganya.

Sheria ya kicheko ni moja na haina mjadala: hakuna kumcheka mtu alivyotamka. Darasa la Tanga lina Msambaa kutoka Lushoto, Mdigo, Mzigua wa Handeni, Mbondei, Mpare, na kila mmoja anakuja na lafudhi ya kwao. Mtoto akichekwa mara moja alivyotamka neno, unaweza usiisikie sauti yake tena mpaka mwaka unaisha. Kwa hiyo ukisikia kicheko, simamisha darasa palepale hata kama mjadala ulikuwa mtamu, umwambie aliyecheka amwombe mwenzake radhi, alafu aliyekuwa anaongea aendelee kutoka alipoishia. Ukiiachia siku ya kwanza, ya pili hutaiweza.

Madawati usiyahamishe, utapoteza kipindi. Waliokaa mbele wageuke nyuma, basi.

Hatua ya 3: Dakika moja ya kimya

Soma swali mara mbili. Mwambie kila mtoto aandike kwenye karatasi yake ya robo neno moja au sentensi moja. Hakuna kuongea, hakuna kunyoosha mkono.

Sababu ni kwamba wepesi wa kujibu wanawafunika wenzao. Mwalimu akiuliza tu, "mwalimu mimi! mwalimu mimi!" zinaanza, na anayehitaji muda wa kupanga maneno anaacha kufikiri mana anajua swali limeshachukuliwa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 aliangalia madarasa mengi akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza kabla hawajadakia wenyewe au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliokuwa kimya walianza kuchangia. Sekunde tatu tu, fikiria. Hii dakika moja ni utajiri.

Onyo: dakika hii wewe pia nyamaza. Usizunguke ukisema "fikirini, fikirini vizuri".

Hatua ya 4: Wawili wawili, na kila mmoja aripoti ya mwenzake

Huu ndo moyo wa mwongozo wote. Ukiwa na nguvu ya kufanya hatua moja tu muhula huu, fanya hii.

Piga hesabu kwanza. Kipindi ni dakika 40, sawa na sekunde 2,400. Darasa lina watoto 60. Kama anaongea mmoja mmoja, na mwalimu hajafungua mdomo kabisa tangu kuingia mpaka kutoka, kila mtoto anapata sekunde 40. Wakikaa wawili wawili kwa dakika sita tu, kila mtoto anapata dakika tatu za kuongea. Hakuna ufundi mwingine wa kufundisha utakaokupa faida ya namna hiyo kwa karatasi za bure.

Namna ya kuendesha: dakika tatu anaongea aliyekaa kushoto, mwenzake anasikiliza na anaruhusiwa kuuliza tu. Unaita "Kitendawili!", wanabadilishana. Alafu unachomoa majina matatu kutoka kwenye kopo, na kila aliyechomolewa anasema alichosema MWENZAKE, siyo alichosema yeye.

Hiyo ya kuripoti ya mwenzake usiiruke. Ukimuuliza mtoto maoni yake, atatumia zile dakika tatu za mwenzake kupanga maneno yake mwenyewe. Akijua ataulizwa mwenzake kasema nini, inabidi asikilize, na asipoelewa inabidi amuulize. Kusikiliza na kuuliza ni nusu nzima ya mawasiliano na ndo nusu ambayo hatuifundishi kabisa. Faida nyingine, mtoto mwenye aibu ni rahisi kusema "mwenzangu anasema hivi" kuliko "mimi naona hivi", mana ikikosewa siyo yake.

Sasa ule mfano wa nusu ya habari. Tengeneza kadi mbili, mambo ya soko la samaki la Deep Sea, bei ni za kubuni.

Kadi A ina bei ya fungu: changu 9,000, pono 8,000, kibua 5,000, ngisi 12,000.

Kadi B ina idadi ya watu wanaoshiba kwa fungu: changu 4, pono 4, kibua 3, ngisi 5.

Kazi: mama ana shilingi 17,000 na wageni 8. Anunue mafungu mawili ya samaki tofauti. Anunue yapi? Hakuna kuonyeshana kadi.

Kaa karibu na dawati moja usikilize, bila kuingilia. Utasikia kitu kama hiki:

"Ngisi bei gani?"
"Elfu kumi na mbili."
"Ghali hiyo, acha."
"Ngoja kwanza, ngisi wanakula wangapi kwako?"
"Watano."
"Basi wamebaki watatu. Na hela imebaki elfu tano."
"Kibua wanakula watatu!"
"Na bei yake elfu tano! Tumepata."
"Lakini mgeni anapewa kibua kweli?"

Angalia kilichotokea hapo. Kuna kuuliza, kuna kumzuia mwenzako asikimbilie uamuzi, kuna kuhesabu kwa pamoja, na mwisho kuna hoja ambayo haipo kwenye kadi yoyote, ya heshima ya mgeni. Wawili wa dawati la nyuma watakuwa wamepata changu na pono, nayo ni 17,000 na ni watu 8. Majibu mawili sahihi, nimeyaweka makusudi, ili wakikutana wanne wawe na cha kubishania.

Mafanikio yanaonekanaje: kelele ya chini inayolingana darasa zima, vichwa vimeinamiana, na ukipita unasikia maswali. Ukisikia kicheko kirefu kona moja na ukimya kona nyingine, kazi ni rahisi mno au haikueleweka.

Hatua ya 5: Kutoka wawili kwenda wanne

Dawati la mbele linageuka, wanakuwa wanne. Usivuke wanne. Kundi la watu kumi lina waongeaji watatu na wasikilizaji hewa saba, popote pale duniani.

Kila mtoto ana vifuniko vyake vitatu. Kila akichangia anaweka kimoja katikati. Vikiisha ananyamaza mpaka wenzake wamalize vyao. Hapa yule muongeaji sana analazimika kuchagua lipi la kusema, na yule mkimya anaona vifuniko vyake vimebaki vitatu mezani na kila mtu anaviona.

Kuna jambo nalisema kwa uzito: achaneni na cheo cha katibu wa kundi. Najua tumefundishwa kuwe na mwenyekiti na katibu. Lakini katibu anaandika, haongei, na mara nyingi anakuwa msichana mwenye mwandiko mzuri. Mwaka mzima anaandika mawazo ya wavulana. Kila mtu aandike maneno matatu kwenye karatasi yake mwenyewe, inatosha. Cheo ninachokikubali ni mtunza muda, na abadilike kila kipindi.

Ubaoni au kwenye manila andika vianzio vya sentensi, vikae pale muhula mzima:

- Nakubaliana na wewe, na naongeza kwamba...
- Naona tofauti kidogo, kwa sababu...
- Naomba unifafanulie hapo uliposema...
- Kwa hiyo unamaanisha kwamba...?

Mtoto aliyelelewa kwa adabu za pwani anaweza kabisa kuona kumpinga mtu ni kumvunjia heshima, hasa kama aliyesema ni mkubwa kwake au ni kiranja. Vianzio hivi vinampa njia ya kupinga hoja na heshima ikabaki palepale. Wasome kwa sauti pamoja siku za mwanzo.

Hatua ya 6: Kuripoti bila kuchosha

Darasa la 60 lina makundi 15. Kila kundi likiripoti dakika mbili, nusu saa imeisha na kundi la tatu kuendelea hakuna anayesikiliza. Sikiliza matatu tu, kwa kopo. Anayechomolewa ndo msemaji, haijalishi ni nani, na watoto wajue hivo tangu mwanzo, sababu hapo kundi zima litahakikisha kila mmoja anajua la kusema. Makundi mengine yanaongeza ambacho hakijasemwa tu.

Msemaji asisome. Karatasi aiache mezani, asimame pale alipo, aongee akiwatazama wenzake, na usimwite mbele wiki za kwanza, mana safari ile ya kutoka dawatini mpaka ubaoni ndo inamaliza ujasiri wote.

Hatua ya 7: Mrejesho

Kwanza jibu hoja, alafu lugha. Mtoto amejikakamua ameongea sentensi tatu, wewe unaanza na kosa la ngeli? Mwambie hoja yake imegusa nini, muulize swali moja la kweli. Makosa ya lugha yaandike pembeni ukiwa unasikiliza, mwisho weka mawili matatu ubaoni bila jina la mtu, darasa lisahihishe pamoja.

Habari ya Kiingereza

Fomu wani ana kazi mbili kwa wakati mmoja, mana shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ukimdai mawazo mapya kwa lugha mpya palepale atanyamaza, na utadhani hajui somo.

Ninachoshauri: dakika ya kimya na mazungumzo ya wawili wawili aruhusiwe Kiswahili miezi ya kwanza, kuanzia makundi ya wanne kwenda mbele iwe lugha ya somo, na vianzio vya sentensi viandikwe kwa lugha hiyo. Wazo likishakuwepo kichwani, kulivalisha lugha nyingine ni kazi moja iliyobaki. Wapo watakaosema hii ni kuwadekeza, ila nimeona darasa la "Kiingereza tu" lenye ukimya wa msibani, na sioni hapo lugha gani inajifunzwa.

Dakika 40 zigawanywe hivi

Utangulizi 4, kusoma swali na kimya 2, wawili wawili 8, majina matatu kutoka kopo 3, wanne 10, kuripoti 7, mrejesho 4, na dakika 2 za mwisho kila mtu aandike kitu kimoja alichokisikia kwa mwenzake kikambadilisha mawazo au akakikataa. Ukiwa na vipindi viwili vinavyofuatana usirefushe majadiliano, ongeza swali la pili.

Kupima

Usijaribu kuwapima wote siku moja. Chagua kumi kila kipindi, vipindi sita umemaliza 60. Andika alama tatu tu mbele ya jina: ameongea bila kusoma, ameeleza vizuri hoja ya mwenzake, ameuliza au amejibu hoja. Ukifika mzunguko wa pili linganisha. Mtoto aliyetoka kwenye sifuri kwenda moja amepiga hatua kubwa kuliko yule aliyekuwa na tatu tangu mwanzo, mwambie hivo, kwa faragha.

Ikikwama

Mtoto amechomolewa na hawezi kabisa. Usimwache amesimama. Mpe dakika aongee na jirani, nenda kwa mwingine, alafu LAZIMA urudi kwake. Usiporudi umewafundisha wote kwamba kunyamaza kunatosha.

Mwenye kigugumizi. Mpe muda wake, usimmalizie sentensi, na usiruhusu mtu ammalizie.

Asiyesikia vizuri. Akae mahali anapoona midomo ya wenzake, na kundi lake libaki lilelile.

Mvua imeshuka kwenye mabati, hamsikiani. Fanya mjadala wa kuandikiana: karatasi moja kwa wawili, huyu anaandika sentensi anampa mwenzake anajibu, hakuna kutamka.

Mwezi wa Ramadhani. Kazi za kuongea ziweke vipindi vya asubuhi. Mchana koo zimekauka na joto lile la Tanga unalijua mwenyewe, wape ya kusoma na kuandika.

Mwalimu wa darasa la jirani analalamikia kelele. Mfuate kabla ya kipindi, siyo baada. Mwambie leo nina mjadala kuanzia saa fulani, na kama ana nafasi aingie dakika kumi akukalie na kundi la nyuma kabisa, mpe ile karatasi ya majina kumi akusaidie kuweka alama.